Mabawabu wa Mungu: Jinsi Kazi ya Mlangoni Ilivyozaa Watakatifu

Mwaka 251 Papa Kornelio alimwandikia barua Askofu Fabio wa Antiokia. Ndani yake aliwahesabu wahudumu wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, maakoliti 42, kisha wapunga pepo, wasomaji na mabawabu, jumla yao 52. Baada ya hao akawataja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitunzwa na Kanisa hilo. Bawabu amefunga orodha ya wahudumu, na mara baada yake wanafuata maskini. Mpangilio huo uliendelea kwa karne nyingi: aliyewekwa mwisho kwa cheo ndiye aliyetangulia kukutana na mwenye njaa.

Wakatoliki wengi tumezoea kuutafuta utakatifu altareni, kwenye mimbari au katika maandishi ya walimu wakubwa wa imani. Hata hivyo kalenda ya Kanisa ina mabruda na masista ambao kazi yao ilikuwa kufungua mlango, kufagia, kupika na kufua. Inafaa kujua walifikaje humo, kwa kuwa safari yao haikuwa nyepesi. Inafaa pia kwa sababu ya jambo ambalo mahubiri juu ya unyenyekevu hulisahau mara nyingi: kuipokea kazi ndogo kwa hiari ni kitu kimoja, na kushushwa hadhi kwa nguvu ni kitu kingine kabisa.

Roma, karne ya 3: Funguo zilipokuwa na cheo

Siku za Kornelio mlango ulikuwa mahali pa hatari. Papa Fabiano aliyemtangulia aliuawa Januari 250, katika dhuluma ya Kaisari Decius, na Wakristo wa Roma wakakaa zaidi ya mwaka mmoja bila papa. Katika hali kama hiyo, mtu wa kuutambua uso wa anayebisha hodi hakuwa wa kupuuzwa.

Dhuluma zilipokoma, ubawabu ulibaki kuwa daraja dogo katika njia ya upadri. Kijana alikabidhiwa funguo za kanisa katika ibada, akahesabiwa bawabu, kisha akapanda ngazi iliyofuata. Taratibu cheo kikatengana na kazi. Waliopewa funguo walikuwa wapita njia, na waliokaa mlangoni kweli kweli wakawa watu wengine wasio na daraja lolote. Jambo hilo lilidumu hadi karne ya 20.

Monte Cassino, karne ya 6: Kazi za mikono zinapanda thamani

Karibu mwaka 529 Benedikto wa Nursia alipanda mlima wa Monte Cassino, Italia, akaanzisha monasteri. Katika ulimwengu wa Kirumi kazi za mikono zilikuwa za watumwa, na mtu huru aliyesoma aliona fahari kutoshika jembe wala sufuria. Kanuni ya Benedikto ilikwenda kinyume na fahari hiyo. Ilimkataza abate kumpendelea aliyezaliwa huru kuliko aliyetoka utumwani. Iliagiza wamonaki wahudumiane jikoni kwa zamu ya juma, na anayemaliza zamu afue vitambaa vya kujifutia, kisha yeye na anayempokea wawaoshe wenzao miguu. Mtunza ghala aliambiwa avitazame vyombo vyote vya nyumba, hata vya shambani, kwa heshima ileile ya vyombo vya altare.

Sura ya 66 inamhusu bawabu. Benedikto anataka awe mzee mwenye hekima, ajuaye kupokea ujumbe na kutoa jibu, ambaye utu uzima wake unamzuia kuzurura. Apewe chumba karibu na lango ili wanaofika wamkute. Mtu anapobisha au maskini anapoita, bawabu aitikie papo hapo kwa kumshukuru Mungu au kwa kuomba baraka, kisha ajibu kwa upole na bila kukawia. Akihitaji msaada, apewe ndugu kijana wa kumsaidia.

Mantiki ya agizo hilo iko katika sura ya 53, inayosema wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, na uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na mahujaji, kwa sababu matajiri hupata heshima kwa kule kuogopwa tu. Ndiyo maana bawabu anashukuru kabla hajajua nani amebisha. Hajui kama ni mtoa sadaka au mwombaji, rafiki au msumbufu, na shukrani yake haisubiri kujua. Hapo ndipo kazi ya mlangoni ilipogeuka kuwa sala, na kila bawabu mtakatifu aliyefuata aliiishi sura hiyo, hata kama hakuwahi kuisoma.

Karne ya 11 na ya 12: Tabaka mbili ndani ya nyumba moja

Kilichovuruga mpango wa Benedikto ni mafanikio. Ibada za kwaya zilirefuka mno, hasa katika monasteri ya Cluny huko Ufaransa. Wamonaki wengi zaidi wakapewa upadri, na mashamba ya monasteri yakapanuka kwa sadaka za wakuu. Muda wa kulima, kupika na kulinda lango ukakosekana. Wasitosia, waliozaliwa Cîteaux mwaka 1098, walijibu kwa kupokea mabruda walei kwa wingi. Hao waliweka nadhiri, wakavaa mavazi ya kitawa, wakashika mashamba, mifugo na karakana. Lakini hawakuimba masifu pamoja na wamonaki wa kwaya, hawakuwa na sauti katika uchaguzi wa abate, na taratibu zao hazikuwaruhusu kusomea vitabu.

Mpango huo uliwafungulia wakulima wasiojua kusoma njia ya maisha ya wakfu, na wengi waliipokea kwa furaha. Gharama yake ilikuwa kwamba kazi ambayo Benedikto aliigawa kwa zamu sasa ikawa ya kundi moja maisha yote. Mashirika mengi yaliyozaliwa baadaye yaliurithi mgawanyo huo kwa namna moja au nyingine. Tangu hapo, ukisikia habari za bruda bawabu, ujue nyuma yake kuna mtu aliyeambiwa kwamba elimu, afya au nasaba yake haikutosha kwa mengine.

Palma, 1571–1617: Muuza nguo aliyefilisika

Alfonso Rodríguez alizaliwa Segovia, Hispania, mwaka 1532, katika nyumba ya mfanyabiashara wa sufu. Baba yake alipofariki aliacha masomo akashika biashara. Alioa, akapata watoto, kisha mauti yakamwondolea mke na watoto, na biashara ikadidimia. Alipobisha hodi kwa Wajesuiti alikuwa na umri uliovuka miaka 35, afya dhaifu na elimu ndogo. Upadri haukuwezekana. Mwaka 1571 walimpokea kama bruda, wakampeleka katika chuo chao cha Montesión mjini Palma, kisiwani Mallorca.

Huko alibaki hadi kifo chake Oktoba 1617, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumikia mlangoni. Alipokea wageni, akawaita mapadre na wanafunzi waliotafutwa, akapeleka barua, akagawa sadaka, akawasikiliza wenye shida wasiokuwa na pa kwenda. Kengele ilipolia alijizoeza kumwitikia Bwana mwenyewe njiani kabla ya kugusa komeo. Kwa amri ya wakubwa wake aliandika kumbukumbu za maisha yake ya kiroho, nazo zinamwonyesha mtu aliyepigwa na majaribu makali na vipindi virefu vya ukavu katika sala. Utulivu ambao wageni waliuona usoni pake aliupigania kila siku.

Mwaka 1605 alifika chuoni mwanafunzi Mkatalunya, Petro Claver, kijana mwenye kipaji lakini asiyejua Mungu anamtaka wapi. Alizoea kuketi na bawabu mzee wakizungumza mambo ya roho. Alfonso ndiye aliyemhimiza aende ng'ambo, katika nchi za Amerika. Claver aliondoka mwaka 1610, akapewa upadri Cartagena mwaka 1616. Bandari hiyo, ambayo leo ni ya Kolombia, ilikuwa lango la Waafrika waliosafirishwa utumwani. Aliingia katika matumbo ya meli na chakula, maji na dawa, akiwa na wakalimani Waafrika, akawauguza waliokaribia kufa na kuwabatiza walioipokea imani. Alipoweka nadhiri zake za mwisho mwaka 1622 alijiandika kuwa mtumwa wa Waafrika daima, na aliendelea na kazi hiyo mpaka ugonjwa ulipomlaza. Alifariki mwaka 1654. Hivyo mtu ambaye hakuonekana kufaa kwa upadri alimwelekeza padre kwenye wito wake, na maelfu ya wafungwa waliguswa na mazungumzo yaliyofanyika kando ya mlango wa shule.

Lima, 1594–1645: Ufagio na ukuta wa rangi

Miaka hiyohiyo, katika mji wa Lima, Peru, kijana Martin de Porres aliingia konventi ya Wadominiko ya Rozari Takatifu. Alizaliwa mwaka 1579, baba yake bwana wa Kihispania na mama yake, Ana Velázquez, mwanamke mweusi aliyeachwa huru. Sheria za wakati ule zilimzuia mtu wa damu ya Kiafrika au ya Kiindio kuwa mtawa kamili. Karibu mwaka 1594 alipokewa kama mtumishi tu wa nyumba. Alifagia, akafua, akanyoa nywele, akatibu majeraha, akawa mwuguzi wa watawa na wa maskini wa mjini, bila kubagua Mhispania, Mwindio wala mtumwa. Mwaka 1603 wakuu wake walimruhusu kuweka nadhiri. Rafiki yake Juan Macías, yatima aliyechunga kondoo Hispania kabla ya kuvuka bahari, alikuwa bawabu wa konventi nyingine ya Wadominiko mjini humo kwa zaidi ya miaka 20, na lango lake likawa tegemeo la maskini wa Lima hadi alipofariki mwaka 1645.

Historia ya Martin inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wapo wanaomtaja ili kuwanyamazisha wanyonge: tazameni, alifagia bila kulalamika. Lakini sheria iliyomweka chini kwa ajili ya rangi yake ilikuwa dhuluma, na haikumtakatifuza. Kilichomtakatifuza ni upendo aliouweka katika kila kitanda cha mgonjwa, upendo ambao sheria ile haikuweza kuuzima. Alifariki mwaka 1639. Kanisa lilikawia miaka 323 kumtangaza mtakatifu, na kukawia huko nako ni sehemu ya historia yake.

Altötting na Montreal, 1849–1937: Milango ya enzi ya viwanda

Karne ya 19 ilizifanya nyumba za watawa kuwa kimbilio la watu waliong'olewa mashambani na kusongamana mijini. Mwaka 1849 Johann Birndorfer, mtoto wa mkulima wa Parzham, Bavaria, aliacha shamba akaingia kwa Wakapuchini, akaitwa Konrad. Walimweka mlangoni Altötting, mahali ambapo mahujaji wa Bikira Maria walifurika. Alikaa pale zaidi ya miaka 40. Aligawa mkate na bia kwa maskini na mafundi waliokuwa wakizunguka kutafuta kazi, akajibu maswali yaleyale mara elfu, na kipenyo chochote cha kimya alikitumia kusali. Aliacha funguo siku chache tu kabla ya kufariki, Aprili 1894. Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika jimbo la Québec nchini Kanada, Alfred Bessette alizaliwa mwaka 1845. Baba yake aliuawa na mti uliomwangukia kazini, mama yake akafa kwa kifua kikuu, naye akawa yatima akiwa na miaka 12. Alijaribu ufundi mbalimbali, kisha kama vijana wengi wa kwao akavuka mpaka kutafuta kibarua katika viwanda vya nguo vya Marekani. Mwaka 1870 alifika kwa Shirika la Msalaba Mtakatifu huko Montreal. Wakuu walisita kumkubali kwa sababu ya afya, mpaka Askofu Ignace Bourget alipoingilia kati. Akaitwa Bruda André, akapewa mlango wa Chuo cha Notre-Dame, na akaushika karibu miaka 40.

Wagonjwa walianza kumfuata. Aliwaombea kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu seremala, na kila uponyaji aliosifiwa nao aliurudisha kwa Yosefu. Wazazi wa wanafunzi walinung'unika, wakiogopa wagonjwa kukaa karibu na watoto wao, hivyo akawapokea katika kituo cha tramu kilichokuwa mkabala na shule. Mwaka 1904 alijengewa kikanisa kidogo mlimani, ambacho kilikua na kuwa hekalu kubwa la Mtakatifu Yosefu linaloonekana leo juu ya Montreal. Alipofariki Januari 1937, watu wapatao milioni moja walipita mbele ya jeneza lake katika baridi kali. Shirika lake lilifika Uganda mwaka 1958, na tangu hapo jina la bruda bawabu limejulikana Afrika Mashariki pia.

1888: Mwaka wa njia kukutana

Tarehe 15 Januari 1888 Papa Leo XIII aliwatangaza watakatifu Alfonso Rodríguez na Petro Claver siku moja, bawabu pamoja na kijana aliyemtuma kwa watumwa. Haikuwa tarehe ya ibada tu. Mapambano ya kukomesha utumwa yalikuwa yamepamba moto. Mwezi Mei Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kuulaani utumwa, na siku chache baadaye nchi hiyo, ya mwisho katika Amerika, iliufuta. Pwani ya Afrika Mashariki soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini misafara haikukoma, na wamisionari wa Roho Mtakatifu waliokuwa Bagamoyo tangu 1868 waliendelea kuwapokea waliokombolewa. Mwaka huohuo 1888 Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilia walifika Pugu, wakiileta Kanuni ya Benedikto katika ardhi ya Tanzania ya leo.

Na mwaka huohuo, huko Venice, msichana Mwafrika aliachwa chini ya uangalizi wa masista Wakanosa. Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa, na mwili wake ukachanjwa makovu zaidi ya 100 yaliyosuguliwa chumvi. Jina Bakhita alipewa na waliomteka. Jina la kwao alilisahau kwa mateso. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, akafika Italia mwaka 1885, akawa yaya katika familia moja ya Veneto.

Bibi wa nyumba hiyo alipokuja kumchukua arudi naye Afrika, Bakhita alikataa. Hakuwa na mali, ndugu wala elimu, lakini alisimama juu ya neno lake. Shauri lilifika mbele ya wenye mamlaka, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, hivyo yeye ni mtu huru. Alibatizwa Januari 1890 kwa jina la Josefina, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896.

Mwaka 1902 alihamia konventi ya Schio. Humo alikuwa mpishi, mtunza sakristia, mdarizi, na hatimaye bawabu. Watoto waliokuja shuleni aliwawekea mikono kichwani na kuwasemesha kwa lahaja ya Kiveneto. Katika Vita Kuu ya Kwanza, sehemu ya konventi ilipogeuzwa hospitali ya askari, aliwahudumia majeruhi. Alifariki tarehe 8 Februari 1947.

Tafakari mpangilio wa maisha hayo. Unyenyekevu wa Bakhita ulianza kwa kukataa. Mtu aliyelazimishwa kutumika tangu utotoni alipopata uhuru aliuchukua uhuru wote, akautoa kwa Mungu na kwa wanaobisha hodi. Kazi zilifanana kwa macho, kwa maana alitumika akiwa mtumwa na akatumika akiwa sista. Kilichobadilika ni kwamba sasa alikuwa na cha kutoa: nafsi yake mwenyewe, ambayo hapo awali iliporwa.

1962 hadi leo: Kanisa linajisahihisha

Mei 1962 Papa Yohane XXIII alimtangaza Martin de Porres mtakatifu, miezi mitano kabla ya kufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso huo ulitoa mafundisho ambayo mabawabu walikwisha kuyaishi. Mwaka 1964 hati juu ya Kanisa ilitenga sura nzima kueleza kwamba waamini wote, kila mmoja katika hali na kazi yake, wameitwa kwenye utakatifu uleule. Mwaka 1965 hati juu ya maisha ya kitawa ilitaka mabruda na masista wa kazi washirikishwe kikamilifu katika maisha na shughuli za jumuiya, na mgawanyo wa tabaka uliodumu tangu karne ya 11 ukaanza kubomolewa. Mwaka 1972 Papa Paulo VI alilifuta daraja la ubawabu. Cheo kilichokuwa kimebaki jina tu kikaondoka, na kazi ikabaki.

Kisha matangazo yakafuatana: Juan Macías mwaka 1975, Bakhita mwaka 2000, Bruda André mwaka 2010. Tangu 2015 sikukuu ya Bakhita, 8 Februari, ni siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliandika waraka juu ya utakatifu, akiwasifu wazazi, wafanyakazi na wagonjwa wanaoishi jirani nasi bila kujulikana.

Katika nchi zetu urithi huu una nyumba na watu. Upo Peramiho, Ndanda na Hanga, ambako mabruda wa Kibenedikto wanasali na kushika kazi za mikono. Upo zaidi kwa walei: mlinzi wa geti la parokia, mama anayefagia kanisa Jumamosi jioni, mhudumu wa wodi, dada anayelea watoto wa wengine ili apeleke ada ya wadogo zake. Kwao historia hii ni habari njema, kwamba kazi iliyo mikononi mwao inatosha kuwa njia ya kwenda kwa Mungu, bila kusubiri nafasi ya juu zaidi.

Kwetu tunaofunguliwa milango na kupikiwa, historia hii ni dai. Msaidizi wa ndani anayefungiwa, kutukanwa au kunyimwa mshahara hayuko katika shule ya unyenyekevu. Yuko alikokuwa Bakhita kabla ya mwaka 1889, na haki yake ni kutoka huko. Tunaposherehekea mabawabu watakatifu tunalazimika kumlipa mlinzi wetu kwa wakati, kumpa siku ya mapumziko na ya Misa, kumwita kwa jina lake, na sisi wenyewe kushika zamu ya ufagio, kama Benedikto alivyotaka tangu mwanzo.